Tyuni ya wazi kwenye gitaa kavu: nianze na ipi, na nyuzi zitavumilia?

Mpigaji_wa_Kwaya, Morogoro

Ndugu zangu wapiga gitaa, habari za siku nyingi. Huu ni mwaka wa nane ninapiga gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu huliita galatoni, na karibu muda wote huo nimepigia kwaya. Gitaa langu halijawahi kutyuniwa kwa namna nyingine isipokuwa ile tuliyofundishwa sote: E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Kodi ninazijua (nasema za muziki, maana za nyumba zinanijua zenyewe), kidole gumba kinatembea kwenye besi bila mimi kukifikiria, na nilidhani kilichobaki ni kuongeza kasi tu.

Mwezi uliopita alikuja mgeni kwa jirani yangu, akaomba gitaa, akazungusha funguo kwa dakika mbili hivi, kisha akapitisha mkono juu ya nyuzi zote sita bila kubonyeza chochote. Ikatoka kodi kamili, tena pana, yenye besi iliyotulia chini na sauti nyembamba ikining'inia juu. Baada ya hapo alipiga nusu saa nzima kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto. Aliniambia kwamba hiyo inaitwa tyuni ya wazi, akaondoka kabla sijamaliza maswali.

Kesho yake nilijaribu mwenyewe. Nilitafuta video, nikafuata ya kwanza niliyoiona, ambayo ilinitaka nikaze uzi wa tano na wa nne (tukihesabu kuanzia uzi mwembamba) kwa toni nzima na wa tatu kwa nusu toni ili nipate E ya wazi. Uzi wa tano ulikubali. Uzi wa nne ulikatikia pale darajani, nyuzi zinapofungwa usoni mwa gitaa, kabla haujafika, ukanichapa mkononi, na huku kwetu kupata uzi mmoja bila kununua seti nzima ni kazi.

Naomba basi mnisaidie kwa mambo matatu. Kwa mtu anayepiga nyimbo za kwaya, ni tyuni gani ya wazi inayofaa kuanzia? Nifanyeje ili nisiendelee kukata nyuzi? Na hizi kodi nilizozitolea jasho miaka minane, je, zinakufa zote siku ninapogeuza funguo?

Fundi_Nyuzi, Arusha

Ndugu Mpigaji, pole kwa uzi na pole kwa mkono. Kazi yangu ni kurekebisha magitaa, na mengi yanayoletwa mezani kwangu yakiwa na uzi uliokatika au daraja lililonyanyuka yana hadithi inayofanana na yako: mwenyewe alitamani tyuni ya wazi, akaangukia ile inayokaza.

Hesabu yake ni hii. Ukipandisha uzi kwa toni nzima, yaani kwa kiasi cha freti mbili (vile vyuma vinavyokatiza shingo), kasi ya mtetemo wake inaongezeka kwa asilimia 12 hivi, lakini mvuto unaoubeba uzi huo unaongezeka kwa asilimia 26, kwa sababu mvuto hukua kwa mraba wa kasi hiyo. Ukiushusha kwa toni nzima, mvuto unapungua kwa takriban asilimia 21. Uzi uliochoka, uliokwisha kushika kutu pale unapokunjwa darajani, hauwezi kuongezewa robo nzima ya mzigo ukakushukuru. Na usidhani uzi ndio unaoumia peke yake. Niliwahi kuletewa gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni, mwenyewe akiwa amelifunga nyuzi za chuma na kulikaza hadi E ya wazi. Daraja liling'oka usiku, gitaa likiwa limeegemea ukutani halina anayeligusa, na likaondoka na ganda la ubao wa usoni. Kama gitaa lako ni la nailoni, usilifunge nyuzi za chuma hata kwa tyuni ya kawaida.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: anza na tyuni zinazolegeza. Huko Hawaii, ambako gitaa liliingia pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico katika miaka ya 1830, wenyeji waliuita mtindo wao wa kupiga *kī hōʻalu*, maana yake kulegeza ufunguo, na tyuni wanayoitumia zaidi ndiyo ninayokupendekezea wewe: G ya wazi. Wapiga bluzi wa Marekani huiita tyuni ya Kispania, ingawa Hispania yenyewe haihusiki sana, kwani jina hilo lilitokana na kipande kimoja cha gitaa cha karne ya 19 kilichofundishwa sana majumbani.

Unagusa nyuzi tatu tu, na zote unazishusha kwa toni nzima. Uzi wa sita unatoka E kwenda D, wa tano unatoka A kwenda G, na wa kwanza unatoka E kwenda D. Wa nne, wa tatu na wa pili unawaacha walivyo. Ukisoma kuanzia uzi mnene unapata D, G, D, G, B, D, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, nitakuandikia kwa lugha ya nyumbani: so, do, so, do, mi, so. Ni kodi ya do tupu. Huhitaji hata programu ya simu ili kuipata. Piga uzi wa nne, kisha ushushe wa sita mpaka ufanane nao kwa oktava moja chini. Ushushe wa kwanza mpaka ufanane nao kwa oktava moja juu. Halafu ushushe wa tano mpaka ulingane na wa tatu kwa oktava. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kila uzi mahali ambapo sauti yake inakutana na uzi unaofuata ukiwa mtupu: wa sita freti ya 5, wa tano freti ya 7, wa nne freti ya 5, wa tatu freti ya 4, wa pili freti ya 3.

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Kodi zako hazifi zote. Angalia tena: uzi wa pili, wa tatu na wa nne haujaguswa hata mmoja. Kila umbo unalolijua kwenye nyuzi hizo tatu bado ni halali. Ile A maina yako ya siku zote (maina ni kodi yenye sauti ya huzuni, meja ni ya furaha), kidole kimoja uzi wa pili freti ya 1 na viwili kwenye wa tatu na wa nne freti ya 2, inakaa palepale. Ila nyuzi za pembeni usiziguse. Zinazobadilika ni kingo mbili za gitaa, besi na ncha.

Kwa fa na so za meja, laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote: freti ya 5 ni C, freti ya 7 ni D, freti ya 12 unarudi G. Lakini usiishie kwenye kulaza kidole, maana hapo ndipo wengi wanapokwama wakadhani tyuni ya wazi ni ya wavivu. Jaribu hili: kidole cha shahada uzi wa pili freti ya 1, cha kati uzi wa nne freti ya 2, na uzi wa sita usiuguse. Hiyo ni C yenye G chini yake na D ikiimba juu. Achia vidole vyote viwili, umerudi G. Rudisha, achia, rudisha. Keith Richards wa Rolling Stones ameishi humo miaka mingi, tena yeye uzi wa sita ameuondoa kabisa anabaki na tano.

Kuhusu E ya wazi na A ya wazi, zina wenyewe, hasa wapiga gitaa la umeme kwa slaidi, yaani bomba linaloteleza juu ya nyuzi. Duane Allman, mpiga gitaa wa Marekani aliyevaa kichupa cha dawa ya mafua kidoleni kama slaidi, alipenda E ya wazi. Lakini nyuzi za umeme ni nyembamba na mvuto wake ni mdogo. Wewe ukiitaka A ya wazi, baki kwenye G ya wazi ufunge kapo (kibano kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya 2. Sauti ni ileile, na daraja lako litalala usingizi.

Kidole_Nusu, Nakuru

Namheshimu fundi, lakini mimi nisingemwanzishia ndugu yetu kwenye G. Ningemwanzishia kwenye D ya wazi: D, A, D, F#, A, D. Sita, pili na kwanza zinashuka toni nzima, na ya tatu nusu toni, kwa hiyo hii nayo ni ya kulegeza tu. Kwa sol-fa ni do, so, do, mi, so, do. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu kwenye G uzi mnene kuliko wote ni so, nawe unalazimika kuukwepa au kuutumia kwa adabu, ilhali kwenye D uzi wa sita wenyewe ndio do. Gumba linaweza kutembea sita, tano, nne bila mkono wa kushoto kuhusika hata kidogo, na besi ikawa imekamilika.

Nina sababu yangu ya kulijua hili. Niliumia kidole cha pete cha mkono wa kushoto kwenye msumeno wa mbao, kikabaki nusu, na kwa miezi mingi gitaa lilining'inia ukutani kama picha ya marehemu. F ya kawaida sikuiweza tena. Kilichonirudisha ni kusoma kwamba mwanamuziki Joni Mitchell wa Kanada aliugua polio utotoni, mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kutafuta tyuni zake mwenyewe, ambazo zilifika makumi. Nikaona kama yeye aligeuza funguo badala ya kugeuza vidole, nami naweza. Leo napiga kwa vidole viwili na nusu, na wasikilizaji hawahesabu.

Mpigaji_wa_Kwaya, Morogoro

Fundi na ndugu Kidole_Nusu, nawashukuru sana. Nimenunua seti mpya na nimejaribu zote mbili. Ya D ina utulivu wa ajabu usiku, nakiri, lakini nyimbo zetu nyingi zinawakaa waimbaji vizuri kwenye G, kwa hiyo huko ndiko nilikokaa. Lile umbo la vidole viwili la C limenikosesha usingizi.

Nimekwama kwenye maina. Pambio zetu karibu zote zina mahali zinapokwenda la, na nikilaza kidole popote napata meja tupu. Je, tyuni hizi zinajua kulia, au zinacheka tu?

Jambo la pili ni kwamba uzi wa sita unapiga mkwaruzo nikiupiga kwa nguvu, na kila ninapoushusha hauteremki taratibu, bali unakwama kisha unaruka kwa mlio wa "tik".

Fundi_Nyuzi, Arusha

Huo mlio wa "tik" hautoki kwenye ufunguo. Unatoka kwenye kile kipande cheupe kilicho mwisho wa shingo, ambamo nyuzi hupita kwenye vijifereji kabla ya kufika kichwani. Legeza uzi, utoe kwenye kijifereji, chora ndani yake kwa penseli laini mpaka unga mweusi ujae, kisha urudishe. Kuhusu mkwaruzo, uzi uliolegea unatetemeka kwa upana zaidi na kugonga freti. Kama seti yako inaanzia na uzi wa kwanza wa 12, yaani unene wa inchi 0.012, safari ijayo tafuta inayoanzia na 13; kwa kuwa nyuzi zimeshushwa, unene huo hautaumiza gitaa. Na kumbuka kumalizia kila kutyuni kwa kupandisha: shusha kupita kiasi kidogo, kisha panda hadi mahali pake. Ukiuacha uzi ulikoshuka, utaendelea kushuka wenyewe katikati ya wimbo.

La yako kwenye G ni E maina, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Bonyeza uzi wa nne freti ya 2 na uzi wa kwanza freti ya 2, basi. Zilizobaki ziache tupu, ukianzia uzi wa tano. Re yako ni ile A maina niliyokwisha kukueleza. Tyuni haikukataza maina, ni kile kidole kilicholazwa ndicho kinachokataza.

Kidole_Nusu, Nakuru

Na kwa upande wa D, zipo tyuni zinazoanza kwa kulia. Shusha F# kwa nusu toni zaidi iwe F, upate D, A, D, F, A, D. Mpiga bluzi Skip James wa Mississippi, aliyerekodiwa mwaka 1931, alitumia tyuni ya maina ya namna hiyo, na ukimsikiliza utaelewa mara moja kwa nini. Uzuri wake ni kwamba kurudi meja ni kidole kimoja: uzi wa tatu, freti ya 1. Kutoka meja kwenda maina bila kugeuza ufunguo huwezi, lakini kinyume chake unaweza.

Mwana_Kibokoni, Mombasa

Nimewasoma nyote kwa makini, na nashangaa hakuna aliyeitaja D, A, D, G, A, D. Si tyuni ya meja wala ya maina, kwa sababu haina mi ya aina yoyote. Ni do, so, do, fa, so, do. Wanaonihoji kwamba hiyo basi si tyuni ya wazi kamili wana haki yao, lakini kwetu sisi tuliokulia karibu na taarabu ndiyo yenye faida kuliko zote.

Aliyeieneza ni mpiga gitaa Mwingereza Davey Graham mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kukaa Morocco na kutaka gitaa lake liweze kukaa pamoja na udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu. Fikiri kidogo jambo hilo. Udi hauna freti, na mpigaji wake hafikirii kodi bali makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu: nyuzi chache zinashikilia sauti ya chini, na uzi mmoja unasimulia. Ukiwa na kodi ya meja iliyokwisha kutyuniwa, kila makamu utakayoingia utagombana na ile mi. Ukiiondoa mi, ugomvi unakwisha.

Kutoka tyuni ya kawaida unashusha wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja toni nzima. Kisha acha gumba lipige nyuzi tatu nene tupu, na kwenye uzi wa kwanza peke yake tembea freti hizi: uzi mtupu, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12. Hiyo ni makamu ya hijazi iliyosimama kwenye D. Usiipige kwa haraka. Kutoka 1 kwenda 4 ndipo penye roho yake, na mkono unataka kuruka; uteleze badala ya kuruka. Babu yangu, ambaye hakuwahi kulikubali gitaa kuwa chombo cha heshima, alisikia hivyo kutoka barazani akauliza ni nani ameleta udi.

Makamu za rasti na bayati ni ngumu zaidi kwa sababu zina robo toni, na freti hazina robo. Hata hivyo uzi uliolegezwa unakubali kuvutwa: kwa bayati ya D, bonyeza freti ya 1, kisha usukume uzi kwa upande mpaka sauti ipande nusu ya safari ya kwenda freti ya 2. Utakosea mara nyingi. Sikio la Mombasa litakwambia.

Lushois, Lubumbashi

Nyongeza fupi kutoka huku Katanga. Si lazima kugeuza nyuzi zote ili kubadilisha sura ya gitaa. Katika rumba ya Kongo kuna gitaa la tatu, lile tunaloliita mi-composé, ambalo uzi wake wa nne huondolewa na mahali pake kukafungwa uzi mwembamba uliotyuniwa D ya oktava ya juu. Vidole havijifunzi jambo jipya hata moja, lakini besi inapotea katikati na kodi inametameta. Ndugu wa Morogoro, kwa kuwa uzi wako wa nne ulikatika, ungeweza kufunga uzi wa kwanza wa akiba ukaushusha hadi D na kuendelea na maisha.

Na kwa suala la gumba, wapigaji wetu wa zamani kama Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, walipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Mkono huo wa kulia unaingia kwenye tyuni za wazi bila kubadilishwa chochote. Anayejifunza tyuni mpya na mkono mpya kwa pamoja anajitafutia taabu.

Mpigaji_wa_Kwaya, Morogoro

Narudi kutoa ripoti baada ya wiki tatu. Penseli imefanya kazi yake na mlio wa "tik" umekwisha. Jumapili nilipiga pambio mbili kwenye G ya wazi, gumba likitembea tano, nne, tano, nne, na E maina ya vidole viwili ikaingia pale ilipotakiwa. Mwalimu wa kwaya aligeuka kuangalia kama kuna mtu ameongeza kinanda.

Shida iliyobaki ni kwamba wimbo wa tatu ulikuwa kwenye F, na sikuwa na muda wa kurudisha nyuzi. Mhubiri alikwisha kusimama, nami bado ninazungusha ufunguo wa tano chini ya benchi, sauti ikilia kama paka. Nimeazima gitaa la pili la binamu yangu kwa ajili ya Jumapili ijayo. Moja litabaki E, A, D, G, B, E, na jingine halitatoka tena kwenye G. Mwana_Kibokoni, hijazi nimeijaribu nyumbani usiku. Ile safari ya 1 kwenda 4 bado ninairuka.